Gia Kabla ya Mlima

Nyumba ya Were na Namalwa pale mtaa wa Ziwani, Nairobi, ilikuwa na chumba kimoja na baiskeli moja. Baiskeli ililala ndani, kati ya kitanda na ukuta. Aliyetaka kupita alipita ubavu ubavu. Were alipenda kusema, "Huyu mgeni wetu hali wala hanywi, lakini ndiye anayelala mahali pazuri."

Namalwa alimwacha aseme. Baiskeli ile ilikuwa ya kliniki. Ilikuwa nyeusi, ya kike, yenye kengele kubwa, taa ya dinamo na gia tatu. Alipewa kwa sababu alikuwa mkunga, na mkunga hawezi kumwambia mtoto asubiri basi.

Huo ulikuwa mwaka wa 1957. Kliniki yenyewe ilikuwa Ngara, karibu na maduka ya vitambaa. Kila mkunga alikuwa na njia yake. Namalwa alipewa njia ya magharibi, yaani Westlands, Spring Valley, na mara mojamoja Kilimani. Huko matajiri walikaa katika nyumba kubwa za mbele. Wapishi na watunza bustani walikaa na wake zao katika vyumba vidogo vya nyuma. Wake hao walijifungua kama wanawake wote duniani, bila kumuuliza mtu saa.

Kazi yake Namalwa aliijua barabara. Shida yake ilikuwa milima.

Ukiutazama mji wa Nairobi kwa mbali utadhani ni tambarare. Panda baiskeli, utaambiwa ukweli na magoti yako. Kutoka Ngara barabara inateremka hadi mtoni. Kisha inapanda mlima wa Makumbusho. Inateremka tena Chiromo, inapanda tena Westlands. Ukifika Spring Valley, ukifikiri sasa umemaliza, kuna bonde jingine linakungoja.

Aliyemfundisha Namalwa kuendesha baiskeli ni mumewe. Were alikuwa dereva wa lori la mawe ya kujengea, na dereva hodari kwelikweli. Hakuwa na haya ya kulisema hilo mwenyewe.

"Mama Nashon, gia ni gia," alimwambia. "Ushambulie mlima na gia kubwa. Usibadilishe mapema, utapoteza mwendo. Ngoja mpaka usikie injini inalia. Ikilia kabisa, ndipo uteremshe gia."

Mimi ninayesimulia si dereva wa lori. Labda kwa lori ndivyo. Lakini baiskeli haina injini ya kulia. Kwa hiyo Namalwa alingoja mpaka miguu yake ilie.

Kila siku ilikuwa vile vile. Alianza mlima na gia namba tatu. Alifika katikati akiwa amesimama juu ya pedali, ameubana usukani kwa mikono miwili, meno yameumana. Baiskeli ilipokaribia kusimama, alivuta kidude cha gia kwa nguvu. Kra! Pedali ilianguka chini ghafla bila kushika kitu, na mguu ukaanguka nayo. Hapo alimaliza mlima akisukuma, akihema na kuona nyota.

Mwezi wa Machi aliitwa Spring Valley, kwa Munyiva, mke wa mtunza bustani. Alifika kwa wakati. Mtoto alizaliwa salama, akalia kwa sauti nzuri. Ikabaki kufunga kitovu chake.

Namalwa akachukua uzi uliochemshwa. Uzi ukacheza. Ile mikono iliyoubana usukani mlima baada ya mlima sasa ilitetemeka kama ya mtu mwenye homa. Alifunga fundo, likafunguka. Akafunga tena, likafunguka tena. Munyiva alimtazama pale alipolala, jasho halijamkauka usoni.

"Nipe ncha moja, Sista," Munyiva akasema.

Basi mama aliyetoka kujifungua dakika ile akashika ncha ya uzi, ili mkunga aweze kufunga kitovu cha mtoto. Namalwa aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Munyiva hakuwa mtu wa fitina, lakini pia hakuwa mtu wa kunyamaza. Kabla juma halijaisha, kila mwanamke wa vyumba vya nyuma huko Spring Valley alikuwa amesikia habari ya mkunga anayetetemeka. Habari ikafika Ngara kwa Sista Lornah, msimamizi wa wakunga. Sista Lornah alimwita ofisini akafunga mlango.

"Namalwa, miguu yako kazi yake ni kukufikisha," alisema. "Inayozalisha ni mikono. Safari hii tulikuwa na bahati. Je, kama Munyiva angetokwa na damu nyingi? Nani angeshika nini?"

Namalwa akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mwezi wa saba Kanini wa Spring Valley anajifungua," Sista Lornah akaendelea. "Ukifika kwake katika hali ile, nitampa mwenzako njia ya magharibi. Wewe utabaki hapa kupima watoto uzito. Sikuadhibu, mwanangu. Nawaogopea wale kina mama."

Lililomuuma Namalwa zaidi halikuwa maneno ya Sista Lornah. Lilikuwa neno la Kanini mwenyewe. Kanini alikuwa mke wa Mwololo, mpishi. Mtoto wake wa kwanza alikufa siku aliyozaliwa, kwa sababu msaada ulichelewa. Tangu hapo alikuwa mwoga wa kila kitu. Ila Kanini alikuwa amemzoea Namalwa. Alimwonyesha hata vitambaa alivyovishona kwa ajili ya mtoto. Sasa Namalwa alipokwenda kumpima, Kanini alimtazama vidole kwanza.

"Sista, mimi nakutaka wewe," Kanini alisema. "Lakini Munyiva ameniambia habari ya mikono yako."

"Nitakuja," Namalwa akamwambia. "Na mikono yangu itakuja imetulia."

Aliahidi hivyo kabla hajajua atafanyaje. Alijaribu kunywa uji mzito asubuhi. Uji ulimshibisha, mlima haukupungua. Akajaribu kushuka na kuisukuma baiskeli kila mlimani. Alifika ametulia, lakini alichelewa sana, na kuchelewa ndiko kulikomuua mtoto wa kwanza wa Kanini.

Siku moja ya mwezi wa sita alikuwa katikati ya mlima wa Makumbusho, amesimama juu ya pedali kama kawaida yake. Akavuta kidude cha gia. Kra! Mguu ukateleza, muundi ukagonga chuma, na Namalwa akaanguka pembeni pamoja na mfuko wake. Mikasi ilianguka huku, pamba kule. Bakuli la bati likabingirika kuteremka mlima, likilia kama kengele ya kanisa.

Alikaa pale kwenye majani akishika mguu. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya muundi peke yake.

Mara akasikia sauti kutoka chini. "Sista! Bakuli yako ilitaka kurudi Ngara!"

Mtu alikuwa anapanda mlima kwa baiskeli nyembamba ya mashindano. Alikuwa Singasinga mwenye ndevu zilizofungwa vizuri na kilemba cha buluu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani. Mkono wa pili ulishika bakuli. Miguu yake ilizunguka upesi upesi bila taabu, na alikuwa anaongea njia nzima.

"Mimi ni Gurdeep Singh, mwenye duka la baiskeli pale Ngara," alisema alipofika. Hakuhema hata kidogo. "Mwaka jana mimi nilikuwa wa pili katika mbio. Wa kwanza alipata bahati tu. Uliumia, Sista?"

"Muundi tu," Namalwa akasema, akijipangusa macho. "Bwana Gurdeep, umepandaje mlima huu ukizungumza?"

"Subiri kwanza. Wewe ulibadilisha gia wapi?"

"Hapa katikati. Baiskeli ilipokataa kabisa."

"Nani alikufundisha kungoja ikatae?"

"Mume wangu. Yeye ni dereva wa lori."

Gurdeep alicheka mpaka akajishika mbavu. "Sasa naelewa! Sista, wewe unaendesha lori!"

Namalwa naye, kwa maumivu yake yote, akajikuta anacheka. Gurdeep akamwokotea mikasi na pamba. Kisha akasema kwa sauti ya mtu asiye na shaka, "Jumamosi mchana njoo hapa chini ya mlima. Huyu dereva aje pia. Siku moja tu inatosha kukufundisha. Kuzoea ni juu yako."

Haikuwa rahisi kumpeleka Were. Alisema hahitaji kufundishwa gia na mtu asiyebeba mawe. Lakini Namalwa alimwonyesha muundi uliovimba, na Were akakubali. Jumamosi wakamwacha mtoto wao Nashon kwa jirani, wakaenda.

Gurdeep aliwangoja na baiskeli ya pili kutoka dukani, nayo ya gia tatu. Akaipindua baiskeli ya Namalwa, magurudumu juu, akachora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma.

"Tazama," alisema. Akaweka gia namba moja, akazungusha pedali mara moja kwa mkono. "Gurudumu halikwenda mbali, lakini mkono wangu haukusikia uzito. Hii ni ya kupanda." Akaweka namba mbili. "Hii ni ya njia ya kawaida." Akaweka namba tatu, akazungusha tena, na alama ya chaki ikaenda mbali zaidi. "Hii ni ya kuteremka, au njia nzuri na upepo uko nyuma. Inakupeleka mbali, lakini ni nzito. Sista, wewe unaanza mlima na mzigo mzito kuliko yote."

"Mbona inanitupa nikibadilisha?" Namalwa akauliza.

"Katikati ya gurudumu hili mna meno madogo. Ukikanyaga kwa nguvu, meno yameshikana. Huwezi kuyaachanisha yakiwa yanapigana. Kwa hiyo legeza mguu kwanza, kidogo tu, kama kuvuta pumzi moja. Badilisha. Halafu kanyaga tena, polepole."

Were, aliyekuwa amekunja mikono kifuani, akaikunjua. "Kumbe ni kama kukanyaga klachi ya lori!"

"Kabisa!" Gurdeep akasema. "Mguu wa Sista ndiyo klachi. Bwana Were, wewe unajua kazi yako. Lakini lori ikichoka unaizima, inalala. Sista akifika kwa mama anayezaa, nani atamzima?"

Were akaguna. Hata hivyo hakukunja mikono tena. Gurdeep akaikaza waya ya gia, kwa sababu ilikuwa imelegea, na hilo nalo lilikuwa likimtupa Namalwa.

"Nimeelewa namna ya kubadilisha," Namalwa akasema. "Ninachotaka kujua ni lini."

"Hilo ndilo swali lenyewe!" Gurdeep akamwelekeza kidole barabarani. "Usitazame gurudumu, tazama mbele. Unaona ule mti wa jakaranda? Mlima unaanzia pale. Ukifika pale, miguu bado ni mepesi, weka namba mbili. Usingoje mlima ukuombe. Halafu sikiliza miguu yako. Miguu lazima izunguke sawasawa, njia ikiwa sawa au ikiwa mlima. Ikianza kuzunguka pole, haraka weka moja. Ikizunguka bure bure, huhisi kitu, gia ni ndogo mno, ongeza."

"Na nikiwa sina hakika?"

"Zungumza. Kama unaweza kusema habari ya nyumbani bila kukatika pumzi, gia ni nzuri. Kama huwezi, teremsha."

Namalwa alikishika kidude cha gia. Kisha akatabasamu. "Haya ndiyo maneno ninayowaambia kina mama kila siku. Usisukume kwa sababu tu una nguvu. Sukuma wakati ukifika. Usiporuhusiwa kusukuma, pumua."

"Basi miguu yako ndiyo ilikuwa haijaambiwa," Gurdeep akasema.

Were alikuwa bado na neno. "Lakini siku ya haraka je? Na gia ndogo atafika kesho."

"Panda na mimi, Baba Nashon," Namalwa akasema. "Bwana Gurdeep akuazime hiyo baiskeli. Sitaki kushindana mbio, nataka kushindana na mikono yangu." Akafungua mfuko wake, akatoa sindano na uzi, akampa Gurdeep. "Utatungoja juu na hivi. Atakayefika atie uzi kwenye sindano."

Gurdeep alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Akatangulia juu.

Wakaanza. Were aliushambulia mlima kwa gia namba tatu, akampita mkewe, akapiga kengele kwa majivuno. Namalwa alifika kwenye jakaranda, akalegeza mguu, akaweka namba mbili. Hakuna kra. Baiskeli ilikwenda kimya. Alishangaa sana hata akasahau kusikiliza miguu. Alipokumbuka, ilikuwa tayari mizito, na alipoweka namba moja alikuwa amechelewa kidogo. Akaanza kuhema.

Huko mbele, lori la Were lilikuwa limeanza kulia. Alisimama juu ya pedali. Alijipinda kushoto, akajipinda kulia. Kisha akavuta gia kwa nguvu zake zote, pedali ikaanguka, naye akaruka chini asije akavunjika meno. Namalwa akampita.

"Habari ya nyumbani?" akamuuliza mumewe.

Were hakuweza kujibu. Alifika juu akisukuma baiskeli, shati limemganda mgongoni. Akachukua sindano. Ncha ya uzi ilizunguka tundu pande zote isipokuwa ndani. Alijaribu mpaka Gurdeep akageuka kando ili acheke kwa adabu. Namalwa naye hakuweza mara ya kwanza. Aliweza mara ya tatu.

"Mara ya tatu haitoshi," alisema. "Narudi chini."

Alirudi chini, akapanda tena. Kwenye jakaranda, namba mbili. Miguu ilipotaka kulegea, kabla haijalegea, namba moja. Safari hii alianza kuimba kimoyomoyo, kisha kwa sauti, wimbo wa kwao wa kumbembeleza mtoto. Miguu ikafuata wimbo. Mlima ukapita chini yake. Alifika juu akachukua sindano, na uzi ukaingia mara moja.

Were aliitazama ile sindano. Akaitazama mikono ya mkewe. Mwishowe akasema, "Mama Nashon, mimi nilikufundisha lori."

"Ulinifundisha kutoogopa barabara," Namalwa akamjibu. "Hilo nalo nilikuwa nalihitaji."

Gurdeep aliongeza mambo mawili kabla hawajaachana. "Ukifika juu, usirukie gia tatu kwa furaha. Acha baiskeli ishike mwendo kwanza, uongeze moja, halafu moja. Na ukikaribia njia panda, rudisha gia moja kabla hujasimama. Ukisimama na gia tatu, kuondoka ni taabu, na magari hayatakungoja."

Tangu siku hiyo Namalwa alijizoeza kila alipotoka. Alijifunza kila mlima unaanzia wapi. Chiromo alama yake ilikuwa daraja. Westlands ilikuwa duka la kwanza mkono wa kushoto. Siku nyingine alisahau na kuchelewa kubadilisha, na muundi ulimkumbusha. Jioni Were alimuuliza, "Leo umeimba milima mingapi?" Na nikuambie siri, msomaji. Kule kwa madereva wenzake Were alisema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mkewe gia. Namalwa alilisikia, akamwacha nalo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi na manyunyu, simu ililia kliniki. Bibi mwenye nyumba wa Spring Valley alisema mke wa mpishi wake ameshikwa na uchungu, na unakwenda kwa kasi. Sista Lornah aliitazama mikono ya Namalwa, akampa mfuko wake. Namalwa akafunga mfuko kwenye karia, akatoka.

Moyo ulimwenda mbio, lakini miguu aliikataza. Penye njia panda ya Ngara, lori la kabichi lilifunga njia. Aliweka namba moja kabla ya kusimama. Njia ilipofunguka aliondoka kwa wepesi, mbele ya mikokoteni. Kuteremka mtoni, namba mbili, kisha tatu. Akauona mti wa jakaranda unakuja. Mbili. Wimbo ukaanza. Moja. Mlima wa Makumbusho ukapita, na juu hakurukia gia. Chiromo ikapita. Westlands ikapita, manyunyu yakimpoza uso. Wenye magari waliompita walimwona mkunga anaimba peke yake kwenye mvua, labda wakadhani ana wazimu.

Mlima wa mwisho wa Spring Valley ndio mrefu kuliko yote. Pale chini, barabarani, alisimama Mwololo, mumewe Kanini, bado amevaa aproni ya jikoni.

"Sista, haraka!" alipiga kelele. "Anakuita! Haraka!"

Nami nakuambia, hapo ndipo penye mtihani. Namalwa alikumbuka mtoto wa kwanza wa Kanini. Kila mshipa wa mwili wake ulitaka kusimama juu ya pedali na kuushambulia mlima kwa gia namba tatu, kama zamani. Mkono wake ukaenda kwenye kidude cha gia. Akalegeza mguu. Akaweka namba mbili, na hatua chache mbele, namba moja.

Mwololo alikimbia ubavuni mwake, akamwona miguu inazunguka upesi na baiskeli inapanda bila papara. "Sista, kwa nini hukanyagi? Kanyaga!"

"Mwololo, mkeo hataki jasho langu, anataka mikono yangu," Namalwa alisema. "Maji yamechemka?"

"Yamechemka!"

"Munyiva yupo naye?"

"Yupo!" Mwololo hakuweza kungoja zaidi. Akatimua mbio mbele, aproni inapepea. Lakini mlima ule haumheshimu mtu. Kabla ya kona ya juu Namalwa alikuwa amemfikia, na pale langoni walifika pamoja. Mwololo aliinama, akashika magoti, akafungua kinywa na neno halikutoka. Namalwa aliegemeza baiskeli ukutani, akamwambia, "Kaa chini upumue, baba mtoto." Akaingia ndani.

Akanawa mikono kwa maji ya moto na sabuni. Kanini alikuwa mkekani, macho yamemtoka kwa hofu. Alimtazama vidole kwanza.

"Nimekuja," Namalwa akasema, na sauti yake ilikuwa sauti ya mtu aliyetoka chumba cha pili tu. "Sasa usisukume bado. Pumua nami. Hivyo. Hivyo. Nitakuambia lini."

Haukupita muda mrefu. Alipomwambia sasa, Kanini akasukuma, na mtoto wa kike akaja duniani akipiga kelele za kudai haki yake. Kanini alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Ikabaki kufunga kitovu.

Namalwa akatoa uzi ndani ya bakuli la bati. Munyiva, ambaye alikuwa amekaa kando na mwanawe mgongoni, alisogea karibu bila kuambiwa. Akanyoosha mkono ili ashike ncha moja, kama alivyofanya mwezi wa tatu.

"Ahsante, dada," Namalwa akasema. "Leo kaa tu."

Akafunga fundo la kwanza, likakaza. Akafunga la pili, likakaza. Akakata kwa mkasi. Munyiva aliutazama ule uzi, akaitazama mikono ya mkunga, kisha akaurudisha mkono wake polepole. Akautumia kumpangusa Kanini machozi.

Habari ikamfikia Sista Lornah. Njia ya magharibi ilibaki kwa Namalwa. Jumamosi iliyofuata wakunga wote wa kliniki, kila mmoja na baiskeli yake, walikuwa chini ya mlima wa Makumbusho. Mwalimu alikuwa Namalwa. Juu ya mlima, akiwa na sindano na uzi mkononi, aliwangoja Were, dereva wa lori, kwa uso mkali wa mtahini.

"Msinidanganye," aliwaambia waliofika. "Mimi mtu aliyeshambulia mlima namjua. Leteni mikono."